Neno la Siri Alilobaki Nalo

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi kisha akabaki na uwezo wa kuufungua na kuufunga. Namshukuru kwa alivyotupa na kwa alivyoviondoa, kwa kuwa vyote vilikuwa vyake kabla ya kuitwa vyetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na watu wake, na kila aliyefuata njia yao kwa subira. Baada ya hayo, nitaeleza yaliyotupata Nakuru, mimi na mume wangu na binti yetu, mwaka ule wa uchaguzi na mwaka uliofuata.

Mume wangu alikuwa karani wa reli hadi alipostaafu. Baba yake alikuja bara na reli hiyo hiyo kutoka pwani, akajenga nyumba karibu na msikiti, nasi tukazeekea humo. Mimi nilifundisha wasichana kusoma msahafu katika chumba cha mbele kila alasiri. Binti yetu alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa mtaa wa Free Area, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule: sketi, blauzi, na yale makoti mazito ambayo watoto wa kwetu huvaa mwezi wa Julai baridi inaposhuka.

Mwaka 2007 watu wa ofisi ya kodi waliita wafanyabiashara katika ukumbi mmoja mjini. Binti yetu alikuwa na kazi nyingi, basi baba yake akaenda kwa niaba yake. Waliambiwa kwamba mambo ya kodi yanahamia mtandaoni. Kila mtu atakuwa na akaunti, ataingia kwa namba yake ya mlipa kodi, ile wanayoiita pini, na neno la siri. Afisa aliyewafundisha, mama mmoja mpole, aliwakanya: usiandike neno hilo popote, usitumie jina la mtoto wako, usimwambie mtu, na ukiwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, usimruhusu jirani aone vidole vyako.

Mume wangu alirudi amefurahi. Aliniambia yule mama alikuwa akitoa mawaidha ya dini bila kujua. Alivyoelewa yeye, neno la siri ni amana, na amana haina mjadala.

Wafanyabiashara wa mtaa wetu hawakuwa na kompyuta. Walikwenda saiba, chumba chembamba ambamo viti vilibanana hata ukikohoa unamtikisa jirani yako. Muuza viatu mmoja aliandika neno lake kwenye kipande cha boksi akakibandika dukani, kando ya kalenda. Mtu asiyejulikana akakisoma, akaingia katika akaunti, akabadilisha anwani ya barua pepe, na muuza viatu akafungiwa nje ya mambo yake mwenyewe. Alihangaika miezi. Tangu siku hiyo watu waliogopa.

Hapo ndipo walipomkumbuka mume wangu. Alikuwa amehifadhi msahafu wote tangu utotoni, na reli ilimfundisha kupiga taipu. Wakaanza kumwomba awatunzie. Mtu alipouliza kama afisa hakukataza kumwambia mtu, alijibiwa kwamba kumwambia mzee si kumwambia mtu. Maneno hayo yalizoeleka, hata yakawa kama sheria. Nimeyafikiri mara nyingi. Sidhani kuna mtaa mwingine ambamo watu wangekosea kwa namna ile, kwa imani tu.

Desturi ikawa hivi. Mwenye duka alikwenda na mume wangu saiba, akakaa kando. Mume wangu alishusha kofia yake, akainama juu ya kibao cha herufi kama mtu anayekinga mshumaa na upepo, akachapa neno alilolitunga mwenyewe. Mwenye akaunti hakutazama. Wengine walikataa hata kuambiwa baadaye.

"Usiniambie, mzee," kinyozi alimwambia mbele yangu. "Mimi nikigombana na mke wangu natoa kila kitu."

Walimwita benki. Walimtania kwamba yeye ni benki isiyo na askari mlangoni, na yeye alicheka, na nadhani alifurahi, maana mtu aliyestaafu hupenda kuhitajiwa.

Siku moja nilimwuliza anawezaje kuyakumbuka yote. Akaniambia kila mtu amempa aya yake. Alichukua herufi za kwanza za maneno ya aya, akaziandika kwa herufi za kizungu, kisha akaongeza namba ya aya. Zaidi ya hapo hakusema. Nilimwuliza aya ya binti yetu ni ipi. Alinitazama kwa upole, akasema nimwulize mwenyewe. Nikamwuliza.

"Mimi sijui, mama," alisema huku akikata uzi kwa meno. "Baba anajua. Si inatosha?"

Ilitosha. Barua pepe yake pia alifunguliwa na baba yake siku ile ile ya kufungua akaunti, kwa sababu akaunti ya kodi ilitaka mahali pa kupeleka ujumbe ukisahau. Na barua pepe hiyo nayo ilikuwa na neno lake la siri, na neno hilo nalo lilikuwa mahali pamoja na jingine, kichwani mwa baba yake.

Kabla mwaka haujaisha, shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Njoro, ilimkubali binti yetu awashonee sare wanafunzi wote wa mwaka mpya. Hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Mkuu wa shule alimpa sharti moja: alete cheti cha kodi, kile cha kuonyesha kwamba mtu ametimiza wajibu wake, kabla bodi haijakaa. Cheti kiliombwa kwa kuingia katika akaunti. Wakakubaliana, yeye na baba yake, kwamba watakiomba uchaguzi ukipita, ofisi zikifunguliwa na watu wametulia.

Watu hawakutulia. Yaliyotokea Nakuru mwezi wa Januari yanajulikana, nami sitayachambua. Kila aliyekuwapo ana yake ya kutosha. Binti yetu alitoka dukani mbio, ameshika mkono wa jirani yake wa duka, na mkoba wake ukabaki juu ya meza ya kukatia. Duka liliteketea. Cherehani ziliungua, vitambaa viliungua, na kitambulisho chake kilichokuwa ndani ya mkoba kiliungua. Alifika nyumbani akiwa na futi ya kupimia shingoni, hajui kama ameivaa.

Asubuhi iliyofuata mume wangu alikwenda kwenye mfereji kutawadha. Nilisikia birika likianguka. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea ukuta, upande mmoja wa uso umelegea. Alinitazama kama mtu aliyetaka kuomba radhi. Hakukuwa na gari lililothubutu kutembea. Vijana wa msikiti walimlaza juu ya mkokoteni wa maji, wakamsukuma hadi hospitali, nami nikitembea kando nimeshika mguu wake.

Daktari alituambia ni kiharusi, na kwamba mahali panapotunza maneno pameumia. Tulikaa naye siku kadhaa bila kusikia sauti. Kisha alfajiri moja, mgonjwa wa kitanda cha pili alipoadhini kwa sauti ndogo, mume wangu alifungua kinywa akaanza kusoma. Alisoma sura nzima, herufi kwa herufi, kwa ile tajwidi aliyofundishwa na babu yake. Nilisujudu palepale kwenye sakafu ya wodi. Nilidhani amerudi.

Alipomaliza, nilimwuliza kama anataka maji. Alijaribu. Midomo yake ilitafuta neno maji, mahali pote, kama mtu anayepapasa gizani, na hakulipata. Akaanza kulia. Daktari alinieleza kwamba hutokea hivyo: aliyoyahifadhi mtu tangu utotoni, ya sala na nyimbo, hukaa upande mwingine wa ubongo, nayo huweza kutoka yenyewe. Lakini mtu hawezi kuyaita. Ni kama mto unaopita mbele yako nawe huna chombo cha kutekea.

Tulimrudisha nyumbani. Shule zilichelewa kufunguliwa. Mkuu wa shule, Mungu amlipe wema, alituma ujumbe kwamba kazi bado ni ya binti yetu, ila bodi itakaa mwisho wa Februari na bila cheti itabidi wampe mwingine. Muuza cherehani mjini alikuwa tayari kumkopesha mashine mbili, akionyeshwa barua ya shule. Kila kitu kilining'inia hapo. Akipata cheti, atasimama tena. Asipokipata, hana duka, hana mashine, na hana mahali pa kuanzia.

Tukaanza na njia ya halali iliyo wazi. Tulikwenda ofisi ya kodi. Foleni ilikuwa ndefu, nusu yake watu waliounguliwa kama sisi. Afisa kijana alisikiliza kwa heshima. Akaeleza kwamba mtu akisahau neno la siri, mfumo wenyewe humpelekea njia ya kuweka jipya kupitia barua pepe.

Nikamwambia barua pepe nayo hatuwezi kuifungua.

"Basi shosho, tutabadilisha hiyo barua pepe. Lakini lazima mwenyewe aje na kitambulisho. Orijino."

Binti yangu akamwambia mwenyewe ni yeye, na kitambulisho kimeungua.

"Nakuamini, siste," alisema yule kijana, na nilimwona anaamini. "Lakini hiyo akaunti nikimfungulia kila mtu ninayemwamini, kesho nitamfungulia mwizi wako."

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa akilinda kitu kile kile mume wangu alichokilinda. Tulikwenda polisi tukaandikisha kupotea kwa kitambulisho, tukaenda kwa msajili wa watu, tukapewa karatasi ya kusubiri. Kila dirisha tulilofika tuliambiwa ngojeni, maana waliopoteza kila kitu walikuwa wengi. Karatasi ya kusubiri haikukubaliwa mahali pa kitambulisho. Februari ilikuwa inakwenda.

Ndipo nilipofikiri kutafuta aya. Mume wangu alikuwa na sauti ya aya zote, na moja kati ya hizo ilikuwa ya binti yake. Afisa alikuwa ametutahadharisha kwamba ukikosea mara tatu akaunti inajifunga, na kuifungua ni mpaka mwenyewe na kitambulisho. Kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kubahatisha.

Nilijaribu kufikiri kama yeye. Binti yetu alipokuwa mdogo aliugua homa iliyotaka kumchukua, na baba yake alimsomea aya moja usiku na mchana, mkono wake juu ya paji la uso. Niliamini ndiyo hiyo. Tulikwenda saiba mimi na binti yetu, nikamsomea polepole, naye akachapa herufi za kwanza na namba. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba si sahihi. Binti yangu alibaki ameangalia yale maandishi.

"Mama, nilikuwa nimeshaona ikifunguka," alisema.

Tukarudi kwa mume wangu. Nilimweleza kwa utulivu kwamba nitasoma aya, na akiisikia ya binti yetu animinye mkono. Alikubali kwa macho. Kwa siku kadhaa, baada ya sala ya alasiri, nilikaa kando ya kitanda nikimsomea, binti yetu amekaa miguuni pake. Nilisoma zile za wazazi na watoto, za riziki, za nguo na mavazi. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika aya inayoamrisha watu watimize vipimo na wasipunje, mkono wake ulikaza wangu kwa nguvu, na machozi yakamtoka.

Nilimtazama binti yangu, na futi ile ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake. Nikasema moyoni, kwa nini sikufikiri? Yeye ni fundi, kazi yake ni kupima. Tulitoka siku iliyofuata saiba ilipofunguliwa. Nilimwona akifuta vidole kwenye leso kabla ya kuchapa. Alichapa herufi moja moja, akarudia kuzihesabu, akabonyeza.

Si sahihi.

Tulitoka nje. Mwenye saiba alituambia tumesahau chenji yetu, na hakuna aliyegeuka.

Jioni hiyo muuza vitambaa alikuja kumwona mgonjwa. Alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, mtu mzima, ambaye binti yetu alinunua kwake vitambaa tangu alipoanza kushona. Aliketi, akamshika mume wangu mguu, akamsomea dua. Kisha kwa aibu kubwa akaniambia kwamba yeye pia ni mmoja wa wale waliomwachia mzee paswadi, na sasa amekwama.

"Mama, watu sokoni wanasema benki imefungwa, na funguo ziko ndani," alisema. "Nimewakataza. Si maneno mazuri juu ya mgonjwa."

Nilikaa nikimtazama mtu huyo aliyepima kitambaa kwa mita maisha yake yote, na nilijua kabla hajamaliza. Kulikuwa na muda mfupi ambapo ningeweza kunyamaza. Lakini amana ilikuwa yake, mume wangu alikuwa ameitoa, ingawa kwa mtu asiye mwenyewe. Nikamwambia ile aya ya vipimo. Nikamwonyesha jinsi ya kuzichukua herufi.

Kesho yake aliingia uani anakaribia kukimbia, kofia mkononi. Akaunti yake ilikuwa imefunguka. Alinishukuru, akamshukuru mume wangu, akamshukuru Mungu, kisha akaona uso wa binti yetu mlangoni, akavaa kofia yake.

Tulibaki na nafasi moja. Nilimsomea tena mume wangu, lakini sasa mkono wake ulikaza kwa kila aya. Kwa ile ya mirathi, kwa ile ya mwezi, kwa ile ya ngamia. Kila nilichosoma kilimliza na kila nilichosoma alikiminya. Nadhani alifurahi tu kusikia. Sijui kama siku ile ya vipimo alijua ninachomwuliza, au kama Mungu alitaka tu kurudisha amana ya muuza vitambaa kwa mwenyewe. Nilimwuliza mara ya mwisho, nikiwa nimeuweka uso wangu karibu na wake, aya ya mwanao ni ipi? Alinitazama, akafungua kinywa, akaanza kusoma kutoka mwanzo kabisa wa msahafu.

Binti yetu alisimama, akachukua kanga yake, akatoka. Alirudi kabla ya magharibi. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akavua viatu.

"Imejifunga, mama," alisema.

Hakuniambia alijaribu aya gani, nami sikumwuliza.

Bodi ya shule ilipokaribia kukaa, muuza vitambaa alikuja tena. Alizungusha maneno kwa muda mrefu, akauliza hali ya mzee, akauliza hali ya mvua. Mwishowe alisema kwamba cheti chake yeye kimetoka. Shule ikikubali, achukue ile kazi kwa jina la duka lake, na binti yetu ashone kwake, chumba cha nyuma, kwa mashine zake. Alisema hataki kazi ya mtu. Alisema kama binti yetu hataki, yeye atasahau kwamba alisema.

Binti yangu alinitazama mimi. Nilimwambia ni rehema, na rehema haichaguliwi umbo. Nilimaanisha nilichosema. Hadi leo sijaona ningesema nini kingine.

Alishona muhula mzima katika chumba kile cha nyuma. Sketi zile za kijani kibichi alizozichora mwenyewe, blauzi zile zenye mkunjo mgongoni alioubuni yeye. Kwenye kola ya kila blauzi kulikuwa na kitambaa kidogo chenye jina la duka la mwingine, na kukishona ilikuwa sehemu ya kazi. Nilimpelekea chakula mchana, nikamkuta akivishona vile vijitambaa kwa mkono, ameinama, bila kuinua macho. Muuza vitambaa alimtendea vyema. Hata hivyo shule ilimjua yeye, na walipotaka makoti ya baridi walimpigia yeye, na mwaka uliofuata walimtaja yeye. Hapakuwa na ubaya wa mtu yeyote ndani yake. Ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, na binti yangu alikosa hata hilo.

Sare zilipokwisha, aliweka makasi mezani, akamshukuru mwenye duka, akasema hatarudi. Siku chache baadaye aliondoka kwenda Karagita, kule karibu na ziwa la Naivasha, ambako rafiki yake alikuwa amemtafutia nafasi shamba la maua. Alipanga chumba kimoja. Aliniambia kwa simu kwamba kazi yake ni kuchagua mawaridi kwa urefu wa shina, na kwamba miiba haimsumbui, vidole vyake vimezoea sindano.

"Huku hakuna anayeniuliza pini, mama," alisema, akacheka kidogo. Kicheko kile kiliniumiza kuliko kilio.

Mume wangu alifariki mwezi wa Agosti. Hadi mwisho hakuweza kuniita jina langu, lakini usiku wa mwisho alisoma bila kukosea, na nilimwitikia hadi aliponiacha nisome peke yangu. Wale wengine waliomwachia maneno yao walikuja mazikoni. Kinyozi alilia kuliko wote. Hakuna aliyeniuliza. Mmoja mmoja walikwenda ofisini na vitambulisho vyao, wakapanga foleni, wakafunguliwa upya.

Kitambulisho cha binti yetu kilitoka mwaka ukielekea mwisho. Alikuja kutoka Karagita, nikamsindikiza. Afisa alikuwa yule yule. Alitukumbuka, akatupa pole ya mzee, akabadilisha barua pepe, kisha akageuza kibao cha herufi kumwelekea binti yangu aichagulie akaunti neno jipya. Akamwambia maneno yale yale ya ukumbini: usiandike, usimwambie mtu. Nilinyanyuka nikasimama dirishani, nikatazama barabara, nisione vidole vyake. Nilisikia akichapa. Halikuwa neno refu.

Nikasikia afisa akisema imefunguka. Niliporudi kwenye kiti, akaunti ilikuwa wazi mbele yetu: jina lake, duka lake la Free Area, aina ya biashara yake, ushonaji. Afisa alimwuliza kama biashara inaendelea, maana lazima ajaze hesabu za mwaka hata kama hakuna kitu. Binti yangu alisema haipo tena. Basi jaza sufuri, siste, kijana akamwambia kwa sauti ya chini. Binti yangu akaweka sufuri mahali pa kwanza, akashuka, akaweka mahali pa pili, akashuka tena, hadi ukurasa ukajaa.

Tulipokuwa tunaondoka nilimwambia kwamba kama atapenda, anaweza kuniambia neno hilo, lisije likapotea na mtu mmoja. Alisimama pale mlangoni, watu wakitupita. Alinishika bega kwa upendo mwingi.

"Hapana, mama," alisema. "Likipotea, acha lipotee nami."

Nikamsindikiza kituoni, akapanda gari la Naivasha.

Nimeandika haya si kwa kulalamika. Mungu alitupa mume mwaminifu na baba mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliotufungia mlango, na bado namshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa kuna siku shukrani hutoka kwa shida kama maji ya kisima kilichokauka. Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuhifadhie ulichokificha na akuhifadhie aliyekufichia. Akujalie mtu mwingine mmoja mwenye kujua, kabla ulimi haujazuiwa. Awarehemu walioondoka na siri zetu, awape nafuu watoto wetu walio mbali, na akupe wewe nyumba tulivu, riziki yenye jina lako, na mwisho mwema. Amin.